Bangili ya Mzaa Bibi na Wajumbe Wapya wa Kishushe



Majuma mawili hatukuandika katika ukurasa huu, na baadhi yenu mlituuliza kwa wema kama kuna mgonjwa nyumbani. Hakukuwa na mgonjwa, alhamdulillahi. Tulikuwa na safari, na kabla ya safari tulikuwa na ugomvi. Na ugomvi wa ndugu, kama mjuavyo, huchukua muda mrefu kuliko safari yoyote. Tuligombania bangili moja ya chuma, ndogo, isiyoweza kupita mkononi mwa mtu mzima, na maneno machache ambayo yangeandikwa chini yake.

Mwaliko ulitoka Kishushe, katika Kaunti ya Taita Taveta. Makumbusho madogo ya historia ya mahali pale yalikuwa yamepata wajumbe watatu wapya wa bodi, na wenyeji walitutaka tufike siku ya kuwakaribisha, tuseme maneno mawili matatu, na tukiridhika tuwaachie ile bangili ambayo habari zake walikwisha kuzisikia. Tunaposema makumbusho, msifikirie Ngomeni, yenye kuta zilizoanza kujengwa mwaka 1593 na watalii wanaopanga foleni langoni. Fikirieni chumba kimoja chenye paa la mabati, kabati moja la kioo, rafu za mbao, meza, na daftari lenye jalada gumu. Bodi yake ni watu tisa wasiolipwa hata nauli. Wanakutana kivulini, nje, kwa sababu viti vikiingizwa ndani vitu havionekani.

Kishushe iko chini ya milima ya Taita, katika nyika inayopakana na mbuga ya Tsavo Magharibi. Ni nchi ya ng'ombe, ya migunga na mibuyu, ya ndovu wanaovuka usiku na kuingia katika mashamba ya watu. Ni nchi pia ya mawe meusi ambayo ukiinua moja mkononi unashtushwa na uzito wake. Mawe hayo ni chuma. Siku hizi yanachimbwa kwa mitambo na kupakiwa katika malori, na mvutano juu ya nani anufaike nayo umeandikwa sana magazetini. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema kwamba katika mrabaha wa madini, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii ya mahali madini yanapotoka. Watu wa Kishushe wanazijua tarakimu hizo kama sisi tujuavyo bei ya unga.

Kwa hiyo chuma kwao ni deni na madai ya leo. Lakini chuma ni cha kale pia. Mwanajiografia al-Idrisi aliandika katika karne ya 12 kwamba watu wa Malindi na wa Mombasa walikuwa na machimbo ya chuma na wakifanya biashara yake, na katika nchi ya Taita yenyewe, hasa kuzunguka mlima Kasigau, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za wafua chuma. Mtu akitembea nyika ile na kujikwaa kwenye jiwe, huenda amejikwaa kwenye historia yetu sote, ya bara na ya pwani.

Sasa turudi kwenye bangili.

Bibi yetu mzaa mama alizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, na akafia humo humo. Siku ya mkesha wa Idi alikuwa akifungua kasha lake kutoa dhahabu, na pamoja na dhahabu ilitoka bangili nyeusi iliyoviringishwa katika kipande cha merikani. Alikuwa akiipaka mafuta ya nazi kidogo, akaifuta, akairudisha. Tulipouliza, alisema ni ya mama yake, alitoka nayo kwao. Kwao wapi? Bara. Bara gani? Na hapo kasha lilifungwa.

Ni mwaka wa mwisho wa uhai wake ndipo alipotusimulia, tukiwa tumemkalia kitandani watatu sisi, na mama mkubwa akichuja uji mlangoni. Alisema mama yake alikuwa mtoto wa Kitaita, meno ya utoto ndiyo kwanza yanamwanguka. Ilikuwa wakati wa ile njaa kuu ya mwaka 1884 ambayo Wataita waliiita Mwakisenge. Baba yake alimshika mkono akateremka naye kutoka kwao, mahali penye mawe meusi mazito chini ya mlima, hadi kwa mtu wa Mombasa aliyekuwa na nafaka. Akapewa pishi kadhaa za mtama. Akasema mvua ikinyesha na shamba likizaa atarudi kulipa na kumchukua mtoto. Hilo ndilo waliloliita rehani.

Hatukusoma habari ya rehani shuleni, na tunashuku kwamba wengi wenu hamkuisoma. Katika njaa za karne ya 19 jambo hili lilitendeka mara nyingi baina ya watu wa bara na watu wa pwani: mtoto, na mara nyingi alikuwa wa kike, aliachwa kwa mwenye chakula, mzazi akilipa deni, mtoto anarudi, mzazi asipotokea, mtoto hubaki. Aliyebaki hakuitwa mtumwa, lakini hakuwa na pa kwenda, na mpaka baina ya hali mbili hizo ulikuwa mwembamba mno. Utumwa wenyewe ulikuwa bado unatambuliwa kisheria. Sheria iliyouondolea uhalali katika pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907.

Mzaa bibi hakukombolewa. Alilelewa katika nyumba ile, akafunzwa Kurani, akapewa jina jipya, na miaka kumi na zaidi baadaye akaolewa na mtoto wa ndugu yake mwenye nyumba. Akazaa. Mkono ulipokua bangili ilikatwa kwa tupa, na ukiitazama utaona mahali ilipokatwa. Jina alilopewa na mama yake hakulisahau, alisema bibi, lakini hakumtajia mtu yeyote, hata mumewe, hata binti yake. Alikuwa akilisema peke yake, kwa sauti ya chini, akidhani wamelala.

Basi hii ndiyo habari ambayo watu wa Kishushe waliitaka pamoja na bangili. Na ndiyo iliyoleta ugomvi.

Mjomba wetu, ambaye ndiye ndugu wa mwisho wa mama aliye hai, aliposikia alinyanyuka kitini. "Mwataka kuwaambia watu kwamba sisi tulinunuliwa kwa pishi za mtama?" Tulimwambia hatukununuliwa, tuliwekwa rehani. Akatuuliza kama tunadhani watu wa mjini watakaa wapime tofauti hiyo. Na wasomaji wetu, tusidanganyane, hakuwa amekosea. Mjomba alikua katika mji ambao mtoto aliulizwa kwao wapi kabla ya kuulizwa jina lake, na ambamo posa ilivunjika kwa neno moja la jirani. Yeye mwenyewe aliitwa jina baya uwanjani na mvulana ambaye baadaye aliswali safu moja naye kwa miaka hamsini. Alitusihi tuseme tu kwamba binti wa Kitaita aliolewa Mombasa. "Huo si uwongo," alisema. Na kweli si uwongo.

Sisi wenyewe hatukuwa sauti moja. Mmoja wetu alikuwa upande wa mjomba, na alisema jambo ambalo bado linatuuma: kwamba mzaa bibi alificha jina lake maisha yake yote, sasa sisi tunafichua hali yake kwa idhini ya nani? Hatukuwa na jawabu. Mama mkubwa ndiye aliyesema kwamba bibi alikuwa na miaka sabini ya kunyamaza na akachagua kusema; kama angetaka lizikwe, angelala nalo. Tulikwenda Kishushe tukiwa na bangili bila uamuzi. Mjomba hakusafiri nasi, lakini bangili aliitoa yeye mwenyewe kabatini mwake, na alikuwa ameipaka mafuta.

Tulipanda gari moshi Miritini, tukashuka Voi, na kutoka Voi tukakodi gari. Misafara ya zamani iliikata nyika ya Taru kwa siku kadhaa, maji yakibebwa katika vibuyu. Sisi tuliipita kabla chai haijapoa. Barabara ya mwisho ni ya vumbi jekundu ambalo lilituingia katika buibui na halijatoka mpaka leo. Wenyeji wetu walikuwa wametuwazia mambo ambayo hatukutarajia. Walikuwa wametandika mkeka safi chumba cha pembeni kwa ajili ya swala, na walikuwa wamemwita kijana Mwislamu kutoka mbali kidogo aje awachinjie kuku, ili tule bila wasiwasi. Mama mkubwa alilia kidogo, akasingizia vumbi.

Wajumbe wapya walikuwa watatu. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mwanamke wa sauti ndogo. Wa pili ni msusi wa vikapu vya mkonge, mwanamke pia, aliyesema hadharani kwamba kusoma kwake ni kwa tabu lakini kuhesabu hakuna wa kumdanganya. Wa tatu ni kijana anayetengeneza simu, aliyechaguliwa, walivyosema bila kuficha, kwa sababu anajua kupiga picha na kuzihifadhi. Kabla yao bodi ilikuwa na wanawake wawili tu katika watu tisa. Sasa ni wanne. Katiba ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 27 kwamba chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kisiwe na zaidi ya theluthi mbili za jinsia moja, na ingawa waliyoiandika huenda hawakuwaza bodi inayokutana chini ya mgunga, mwenyekiti wa Kishushe aliitaja kwa fahari. Katiba hiyo hiyo iliyaweka makumbusho miongoni mwa kazi za kaunti. Wajumbe waliulizana kwa kicheko kama kaunti inajua hivyo.

Tuliombwa tuzungumze. Hatukuwa tumeandika hotuba, na labda ilikuwa heri.

Tuliwasimulia habari ya Bwana Kheri. Kila kitabu cha shule kinasema kwamba Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Alitoka Rabai mwezi Aprili, akapita nchi ya Taita, na theluji ile ikamfanya maarufu Ulaya, ingawa wataalamu wa huko walimcheka kwa miaka wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Aliyemwongoza njia alikuwa Mswahili, Bwana Kheri, aliyekuwa akiijua njia ya Uchaga kabla ya Rebmann kujua kuna mlima. Na vijiji vilivyowapa maji na chakula Taita vilikuwa na watu wenye majina. Tuliwaambia wajumbe wapya kwamba bodi ya makumbusho ndiyo inayoamua jina la nani litaandikwa katika kibao na la nani litaachwa njiani, na kwamba sisi wa pwani tumekuwa waongozaji tulioachwa, na wakati mwingine tumekuwa wenye nafaka tulioshika watoto wa wengine. Tuliposema hilo la pili tulijishangaa. Hatukuwa tumeafikiana kulisema.

Tuliwasimulia pia habari ya vigango, kwa ajili ya yule kijana wa simu hasa. Wagiriama huchonga nguzo za mbao kuwakumbuka wazee wao waliokufa. Nguzo hizo ziliibwa kwa mamia, zikauzwa kwa wafanyabiashara, zikaishia katika makumbusho na nyumba za matajiri ng'ambo. Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango vya ndugu zake. Baadaye vigango hivyo vikaibwa. Miaka ikapita, na kwa picha ile vikatambuliwa katika makumbusho mawili ya Marekani. Mwaka 2007 vikarudishwa, baada ya mzee mwenyewe kwisha kufa. Bila picha, nani angeamini kwamba nguzo ile ni ya boma lile? Kijana aliuliza ilikuwa kamera ya aina gani. Tulicheka, kisha tukaona kwamba swali lake ni la mtu aliyekwisha kuanza kazi.

Jambo ambalo lilichukua muda mwingi zaidi, na ambalo hatukulitia mkono, lilikuwa la mafuvu. Wataita wa zamani walikuwa wakiyatoa mafuvu ya wazee wao makaburini baada ya muda na kuyaweka katika mapango maalumu, ambako ukoo ulikwenda wakati wa shida. Mapango hayo yapo mpaka leo milimani. Mjumbe mmoja wa zamani alipendekeza fuvu moja au mawili yaletwe katika kabati la kioo, kwa sababu wageni watalipa kuyaona. Msusi wa vikapu, siku yake ya kwanza katika bodi, alimtazama akamuuliza: "Na la babako ungelipanga rafu ipi, ya juu au ya chini?" Hakuna aliyejibu. Katika daftari waliandika kwamba pango litachorwa katika ramani ya ukutani bila kuonyesha njia ya kufika. Sisi hatuna desturi ile, na dini yetu ina namna yake ya kumhifadhi maiti. Lakini heshima ya mfupa wa mtu hatukuhitaji kutafsiriwa.

Mwalimu mstaafu aliuliza mbona ukutani hakuna habari ya Kasigau. Mwaka 1915, katika vita vya Waingereza na Wajerumani, serikali ya Kiingereza iliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani. Ilichoma vijiji vyao, ikawaondoa wote, wazee na watoto, ikawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na maradhi, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mlima wao. Katika nchi hii ya Taita Taveta kuna makaburi ya askari wa vita vile, Taveta, Maktau na Voi, yenye mawe meupe na majina yaliyochongwa vizuri, na wageni huja kuyatembelea. Ya Wakasigau waliofia Malindi hayana mawe. Mwenyekiti alisema Kasigau ni mbali na Kishushe, na hapa ni makumbusho ya hapa. Mwalimu akasema kwa sauti yake ndogo kwamba Malindi ni mbali zaidi, na walitembezwa. Walikubaliana atafute wazee wa kuhojiwa. Tunamwombea apate nauli.

Kisha ikaja zamu yetu.

Bangili ilitolewa katika kitambaa, ikazungushwa mkono kwa mkono. Wanaume waliitazama tundu. Wanawake waliijaribu vidoleni, kwa kuwa mkononi haikuingia. Mzee mmoja alisema ni kazi ya mhunzi wa kwao. Kijana alisema bila kupelekwa maabara hakuna awezaye kujua chuma kile kilichimbwa wapi, na mwenyekiti akaafiki kwamba lisiandikwe wasilolijua. Hapo ndipo mjumbe mmoja wa zamani, kwa nia njema kabisa, alipotoa maneno aliyokuwa ameyatayarisha: "Bangili ya binti wa Kitaita aliyeolewa Mombasa, ishara ya udugu wa bara na pwani."

Yalikuwa maneno ya mjomba, neno kwa neno, isipokuwa la udugu. Tungeweza kunyamaza. Tungerudi nyumbani na amani.

Mwalimu alitugeukia akauliza: "Aliolewa ndipo akaja, au alikuja ndipo akaolewa?"

Lilikuwa swali la mtu aliyesahihisha insha kwa miaka thelathini. Tulitazamana. Aliyekuwa upande wa mjomba ndiye aliyejibu, si sisi wengine. Alisema alikuja. Alisema alikuja akiwa na umri wa kung'oka meno, na akasimulia yote, mtama, mvua, tupa, na jina lililosemwa usiku. Aliposita, mama mkubwa alimshika goti. Hakuna aliyesema pole. Mama mmoja mzee sana aliyekuwa ameketi nyuma, ambaye si mjumbe wa bodi wala hakualikwa, alisema kwa Kidawida maneno ambayo msusi wa vikapu alitutafsiria: kila ukoo hapa una msichana ambaye hakurudi, na hawakujua wamtafute upande gani.

Hatukuuliza kama ukoo wake ndio wetu. Tulitamani kuuliza. Lakini kwa bangili moja na jina lisilojulikana, mtu anaweza kujidai ndugu wa nchi nzima, na wenyeji kwa ukarimu wao wangekubali. Mama mkubwa alikwenda kuketi karibu naye, na walikaa hivyo mpaka chakula.

Waliandika upya, wajumbe wapya watatu na mwenyekiti, wakifuta na kurudia juu ya karatasi ya daftari la hesabu. Neno lililobishaniwa zaidi lilikuwa "hakukombolewa". Mwenyekiti aliona linamlaumu baba. Msusi alisema halimlaumu mtu. Huenda baba alikufa kwa njaa ile ile akiwa njiani, lakini mtoto hakukombolewa, na hilo ndilo lililompata yeye. Neno likabaki. Kwa ombi letu hawakuandika jina la familia. Wala bangili hatukuitoa moja kwa moja: tuliwaazima kwa miaka mitatu, kwa hati yenye sahihi za pande mbili, ili mjomba akitaka irudi iwe na njia ya kurudi. Kuna makumbusho makubwa duniani yenye vitu vya watu visivyo na hata karatasi ya namna hiyo. Kijana aliiweka bangili juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha, akaipiga picha upande wa ndani, upande wa nje, na mahali ilipokatwa, pamoja na rula ili ukubwa wake ujulikane. Akatutumia picha hizo hapo hapo.

Maneno yaliyo chini yake sasa ni haya: "Bangili ya mtoto, chuma. Ilivaliwa na msichana wa Kitaita aliyewekwa rehani pwani wakati wa njaa ya Mwakisenge, mwaka 1884. Hakukombolewa. Baadaye aliolewa Mombasa. Imeazimwa na vitukuu wake."

Jioni tukiwa Voi, tukingoja gari moshi, tulimpigia mjomba simu. Tulimsomea kama yalivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Alikuwa kimya kwa muda mrefu hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza kama lile kabati la kioo lina kufuli. Tulimwambia lina kufuli mbili, na funguo moja anayo yule mwalimu.

"Mwambieni isiwekwe juani," alisema. "Na mafuta ya nazi, kidogo tu, kabla ya Idi."